Vitunguu vya Tanzania au vya kwetu? Kuchagua mboga Mombasa bei inapopanda na inaposhuka

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, soko la Kongowea. Marundo mawili ya vitunguu yamelala ubavu kwa ubavu juu ya turubai. La kulia limekauka hata maganda mekundu yanapeperuka kila mtu akipita. La kushoto lina vitunguu vikubwa zaidi, vinang'aa, na shingo zake ni nene, bado zina ubichi. Kwa kilo, la kushoto ni rahisi kwa shilingi 20. "Hivi vya Tanzania, hivi vya Loitokitok," kijana ananiambia huku akifungua neti nyingine kwa meno. "Chagua mama, wewe tu."

Mimi ni mpishi wa shughuli: arusi, hitima, maulidi. Nyumbani nako sufuria yangu hailishi chini ya watu saba. Hiyo "wewe tu" imenigharimu pesa zaidi ya mara moja, na ndiyo maana nimekaa nikapanga mboga za kwetu na za nje, moja baada ya nyingine, nione ipi inunuliwe lini. Ukitaka jibu la neno moja halipo. Kitunguu kina hesabu yake na tungule, au nyanya kama wasemavyo wa bara, ina yake.

"Nje" ni wapi hasa?

Kwa sheria, kitunguu kilichovuka mpaka wa Horohoro ni bidhaa ya nje. Kwa dereva wa lori, Lunga Lunga, upande wetu wa mpaka huo, ni kilomita mia moja hivi kutoka Likoni, na Nairobi ni karibu 480. Karoti ya Kinangop imesafiri mbali zaidi kuliko tungule ya Lushoto, Tanzania, na hiyo karoti ndiyo "ya nyumbani". Kwa hiyo mimi nagawa mara tatu. Kuna mboga ya kwetu, inayotoka Pwani yenyewe, Taita na bara. Kuna ya jirani, hasa Tanzania, na miaka hii ya karibuni Ethiopia kupitia Moyale. Halafu kuna ya meli: China, India, Misri.

Kugawa hivi kunasaidia kwa sababu makundi haya hayapandi bei kwa jambo moja. Ya kwetu inaendeshwa na mvua na dizeli. Mvua ikikosa, mavuno hupungua. Ikizidi, ukungu hula shamba na malori hukwama. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita ya petroli ilishapita shilingi 200. Tangu hapo nimeshika desturi ya kutazama bei mpya za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, maana kabichi ya Wundanyi na viazi vya Nyandarua vinakuja kwa gurudumu, na kila kaunti njiani ina ushuru wake.

Ya jirani ina mvua yake pia, lakini juu ya hapo kuna shilingi kupigana na shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na shilingi yetu moja ilinunua kama 16 za Tanzania. Miezi michache baadaye dola ilishuka hadi karibu 130, na shilingi yetu ikawa inanunua kama 20 za Tanzania. Fanya hesabu: kilo inayouzwa shambani kwa shilingi 1,000 za Tanzania ilikuwa 62 na senti zetu, ikawa 50. Mkulima hakubadilisha kitu, wala mvua haikuhusika. Mzigo wa Tanzania wenye cheti cha uasili hauna ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hupata cheti chepesi hapo hapo mpakani. Vitunguu na viazi vinavyotoka nje ya Jumuiya, navyo, hubeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Ndiyo sababu huoni kitunguu cha India kikishindana na cha Tanzania sokoni kwetu hata India ikijaa vitunguu.

Ya meli hutegemea dola, nauli ya bahari, na serikali za watu. Misri ilizuia vitunguu vyake visitoke kuanzia Oktoba 2023. India ikafuata Disemba 2023, ikaja kulegeza Mei 2024. Huwezi kuliona hilo kutoka soko la Marikiti, lakini linakufikia.

Vitunguu: usiulize vimetoka wapi, shika shingo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa arusi ya Jumapili. Bei ilikuwa imekaza, basi Jumatano nikanunua neti za vitunguu vya kwetu, vikubwa vizuri, nikajiona mjanja. Kufika Jumamosi asubuhi stoo inanuka. Vya katikati ya neti vilikuwa vimelainika, maji meusi yanatiririka sakafuni. Biriani haina mzaha na vitunguu: vinakaangwa vingi mpaka viwe vya hudhurungi na vikavu, na kitunguu chenye maji kwenye mafuta ya moto kinachemka tu, hakikaangiki. Nilimtuma kijana Kongowea na pesa za faida yangu.

Watu husema Mang'ola, kule karibu na Ziwa Eyasi, udongo wake ndio siri. Huenda udongo una lake. Lakini tofauti kubwa ninayoiona kwa mkono ni kukaushwa. Kitunguu cha Tanzania mara nyingi huachwa shambani mpaka majani yanaanguka, kisha kikaanikwa. Cha kwetu kinaweza kuwa hivyo hivyo. Nimenunua vya Loitokitok na vya Taveta vilivyokauka vizuri, vikakaa mwezi mzima kwenye kapu. Tatizo huja bei inapopanda. Mkulima wa kwetu yuko karibu na soko, anapigiwa simu na broka, anaona bei, anang'oa mapema kabla haijashuka. Kwa hiyo vitunguu vya kwetu huwa vibichi zaidi wakati ule ule ambao pesa zako ndizo zinazobanwa zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Vya Tanzania ni shilingi 100 kwa kilo, vya kwetu ni 80. Ukitupa robo ya vile vya kwetu kwa kuoza na shingo nene, kilo inayoingia sufuriani imekugharimu karibu 107. Vya Tanzania ukivipoteza kwa sehemu moja katika ishirini, kilo ni kama 105. Zile shilingi 20 zimeyeyuka, na bado hujahesabu mafuta ya kukaangia yaliyoongezeka.

Sasa geuza. Soko limejaa, bei imelala, hakuna anayekimbilia kung'oa. Vya kwetu vimekomaa na vimekaa juani. Hapo chukua vya kwetu bila wasiwasi. Na kwa kachumbari ya leo leo, vya kwetu hata vikiwa na ubichi ni vizuri zaidi, vina maji na ukali wake si wa kutoa machozi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kinyume na ya wengi: bei ikiwa juu, ongeza pesa ununue vikavu vya Tanzania, bei ikiwa chini, nunua vya nyumbani. Usitegemee maneno ya muuzaji kuhusu asili, kwa sababu kitunguu hakina pasi ya kusafiria na kila kizuri siku hizi ni "cha Tanzania". Bana shingo kwa vidole viwili. Ikibonyea, kiache. Ingiza mkono katikati ya neti, si juu, ukaunuse.

Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 hata kanuni hii ilinishinda, kwa sababu vya Tanzania vilikuwa haba na vya kwetu vilikuwa vichache. Ndipo vya Ethiopia vilipojaza pengo nchi nzima. Vilipikika vizuri tu.

Tungule: hapa ukaribu ndio mfalme

Tungule ni kinyume cha kitunguu. Haikai. Ile itakayosafiri mbali huchumwa ikiwa na kijani, iive ndani ya kreti, na ladha yake huwa nusu. Kwa hiyo swali si Kenya au Tanzania, ni siku ngapi tangu ichumwe. Ya Taita iliyochumwa jana huishinda zote. Ya Lushoto iliyopita Lunga Lunga usiku huu inaweza kuishinda ya Mwea iliyolala njiani siku mbili.

Bei yake ndiyo inayoruka kuliko zote. Mvua za mwaka (masika) zikishika, kufumba na kufumbua kreti imepanda, na kreti kubwa yenyewe si mchezo: orodha za bei za Wizara ya Kilimo ziliihesabu kuwa kilo 64. (Bei hizo za masoko, Kongowea ikiwemo, zinapatikana kwenye mtandao wao wa KAMIS, na mimi huzitazama kabla ya kumpa mteja bei ya shughuli.) Novemba 2023, mvua za El Niño zilipolibomoa daraja la Mbogolo, barabara ya Malindi ilikatika na chochote kilichotoka upande ule kikakwama. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalirudi tena. Miezi kama hiyo ya jirani na ya kwetu hupanda pamoja, kwa kuwa wingu halijui mpaka, na huna pa kukimbilia isipokuwa kopo.

Na kopo tusilidharau. Tungule ya kopo, ambayo nyingi hutengenezwa kwa rojo iliyoagizwa kutoka nje, ndiyo mboga ya nje ambayo wengi tunaila bila kuiita hivyo. Bei yake hupanda polepole kwa dola, haijali mvua ya wiki hii. Kwenye pilau na biriani, ambako tungule inapikwa mpaka ipotee, kopo moja badala ya nusu ya tungule mbichi haligunduliki na mgeni yeyote. Kwenye mchuzi wa samaki wa nazi litagunduliwa mara ya kwanza tu kijiko kikigusa ulimi. Usijaribu.

Kagua pia kikonyo. Tangu 2014 nondo wa Tuta absoluta, wenzetu wa Tanzania wanamwita kantangaze, ameingia mashambani Kenya. Tundu dogo kama la sindano karibu na kikonyo maana yake ndani kuna mtu. Kwenye kreti ya bei ya chini utaziona nyingi, na sehemu utakayokata na kutupa ndiyo bei yenyewe.

Jambo moja zuri kwa watu wa Ramadhani. Mwaka 2023 mfungo uliingia mwishoni mwa Machi, na 2024 karibu na katikati ya Machi, mvua za mwaka zikibisha hodi. Kila mtu anataka tungule, mbatata na kotmiri saa ile ile ambayo mashamba yanaanza kuloa. Lakini mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. 2026 unaangukia Februari, katikati ya kaskazi, na miaka inayofuata utazidi kusogea mbali na masika. Wauzaji hawataacha kupandisha bei siku tatu za mwanzo, hilo ni kama mwandamo wenyewe, lakini mvua haitakuwepo kuwapa sababu.

Thomu na tangawizi

China hulima takribani robo tatu ya thomu, yaani kitunguu saumu, yote ya duniani, na ukizunguka Marikiti utaamini. Kichwa kikubwa cheupe, punje nene, ganda linatoka kwa kubonyeza. Upande wa pili kuna ya kwetu ya Meru na ya Mbulu ya Tanzania: punje ndogo, michirizi ya zambarau, na harufu inayobaki vidoleni siku mbili.

Kwa nyumba, nachukua ndogo. Punje tatu zake hufanya kazi ya sita za China, kwa hiyo hata ikiwa ghali zaidi kwa kilo hujala hasara. Kwa shughuli nachukua ya China bila kuona haya, kwa sababu kumenya kilo mbili za punje ndogo ni asubuhi nzima ya wasaidizi wawili, na wasaidizi wanalipwa.

Bei ya thomu ya China haina habari na masika yetu. Ilipanda shilingi yetu ilipoanguka, na 2024 nauli za makontena zilipanda pia baada ya meli kuikimbia Bahari ya Shamu. Meli ya kutoka China kuja Kilindini haipiti huko, lakini nyingine zilipoanza kuzunguka Afrika nzima, meli na makontena yakaadimika kwa kila mtu. Ukiona dola imetulia na thomu bado iko juu, ujue dukani wanamaliza mzigo wa zamani, ngoja kidogo. Mzigo wa zamani una dalili: bonyeza kichwa, kikiwa chepesi na kinaingia ndani, kimeanza kuchipua na punje ni tupu.

Tangawizi nitasema kwa ufupi: ya Tanzania na ya Uganda kwa chai, ile kubwa laini ya China kwa mtu anayetaka kusaga haraka.

Mbatata

Ya kwetu. Sina mjadala mrefu. Kiazi kinachotawala sokoni ni Shangi, kinaiva upesi, kizuri kwa viazi vya karai na kwa katlesi. Kasoro yake ni kwamba hakilali: kwenye joto la Mombasa kinachipua kabla hujamaliza gunia. Basi bei ya gunia zima inaweza kuwa nzuri na wewe ukapoteza. Nunua ya wiki moja. Na ukinunua gunia, lipime. Kanuni za 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini lumbesa bado iko hai, na "gunia" la mtu mmoja si gunia la mwenzake. Linganisha kwa kilo tu.

Chipsi zilizogandishwa kutoka ng'ambo ni za hoteli, zina bei ya dola, na zinapendwa kwa sababu zote hufanana urefu. Januari 2022 mkahawa mmoja mkubwa wa kimataifa uliishiwa na chipsi nchini kwa sababu shehena yake ilichelewa baharini, huku wakulima wa Nyandarua wakiwa na viazi. Tulicheka sana siku ile pale kwa muuza bajia.

Kabichi, karoti, hoho

Za kwetu mwaka mzima, Taita ikiwa nazo, vinginevyo bara. Hupanda dizeli ikipanda na hushuka polepole kuliko ilivyopanda. Hapo hakuna cha kuchagua ila muuzaji.

Ila neno moja kuhusu takwimu, kwa kuwa huwa zinatusuta. Shirika la takwimu, KNBS, hutoa mfumuko wa bei kila mwisho wa mwezi. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ulikuwa 2.7. Mume wangu alinisomea hiyo ya pili kwa furaha, nami nikamwonyesha mkoba. Mfumuko ukishuka bei hazijashuka, zimeacha kukimbia tu. Kwa mboga hasa, tofauti ya Aprili na Septemba ya mwaka mmoja huwa kubwa kuliko tofauti ya mwaka na mwaka, kwa hiyo usiupangie mfuko wako wa sokoni kwa namba hiyo.

Majani

Mchicha, mnavu, tembele, kisamvu, majani ya kunde, na ule mtsunga mchungu wa Kimijikenda ambao watoto wangu wanaukimbia: haya hayana mshindani wa nje, na sioni meli itakayoyaleta. Yanalimwa Mtwapa, Kisauni, Kwale, hata nyuma ya nyumba za watu. Mvua inayopandisha tungule ndiyo inayoyashusha haya, kwa hiyo masika, vitu vingine vyote vikiwa moto, nyumba yangu hula mchicha wa nazi siku nne kwa wiki, na kitunguu kimoja tu.

Saa ya kununua nayo ina bei. Asubuhi mchicha umesimama na shada ni moja. Baada ya Magharibi umelegea, na mama wa kibandani hapa kwetu huniongezea shada la pili bure ili asirudi nalo. Naufikisha nyumbani, nauloweka kwenye karai la maji, naenda kuswali Isha. Nikirudi umesimama.